Boti ya Ziwa Haifi kwa Kuonja Chumvi

Kwenye fukwe za Kisumu, kuanzia Dunga hadi Usoma, mwenye boti, fundi na mnunuzi hubishana juu ya mambo mengi, lakini kuna moja wanalokubaliana bila hata kuulizana: boti ya ziwani ikionja maji ya chumvi, imekwisha. Mwenye boti ya kasi ya kuvutia watelezaji, wale wanaoshika kamba na kuteleza juu ya maji, akisema anataka kuipeleka Kilifi likizo ya Desemba, kila atakayemwuliza atamsihi aachane na wazo hilo. Ataambiwa injini italiwa, trela itaoza, na akirudi hatapata wa kuinunua. "Omera, chumvi haina dawa." Mimi nasema chumvi ina dawa, tena ya bei nafuu, na kwamba imani hii imewagharimu wenye boti wa Nyanza zaidi ya ilivyowaokoa.

Gharama hiyo huonekana kila magugu maji yanapoifunga Ghuba ya Winam. Gugu hilo liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo upepo ndio unaoamua kama Kisumu itakuwa na maji wazi au la. Likisukumwa upande wetu, boti hufungwa wiki baada ya wiki. Mwenye boti ana trela, ana gari la kuivuta, na lami inamfikisha pwani, safari ya kilomita zaidi ya 800. Lakini haendi. Anaiacha boti ikae juani na mvuani, akiamini kwamba kwa kuizuia isiende baharini ameilinda. Nitaonyesha hapa chini kwamba hapo ndipo inapoharibika.

Kwanza tuitazame chumvi yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Boti inapokimbia, maji hayo huvutwa na pampu, hupita ndani ya injini kuipoza, kisha hutoka kupitia ekzosi. Chumvi inaingia na chumvi inatoka. Madhara makubwa huanza injini ikishazimwa. Maji yaliyobaki kwenye mifereji ya ndani hupashwa na joto la chuma na kukauka, na chumvi inabaki imegandamana. Chumvi hiyo ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma hukaa kimelowa majimaji makali mchana na usiku, na oksijeni nayo inakifikia. Kutu haitaki zaidi ya hapo. Boti iliyokaa baharini saa 4 kisha ikasafishwa jioni ile ile imepata hasara ndogo sana. Boti iliyokaa saa hizo hizo 4, ikapandishwa kwenye trela na kurudishwa Kisumu bila kuguswa, inaendelea kuliwa ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe, mbali kabisa na bahari. Mwenyewe atakapogundua, ataishutumu bahari.

Historia ya Kisumu nayo inaikataa imani hii. Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kurusha ndege kubwa za majini za Short Empire kutoka Southampton hadi Durban. Zilitua juu ya Mto Nile, zikatua Port Bell, zikatua Kisumu, kisha zikavuka bara na kutua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kabla ya kuendelea kusini. Tumbo la ndege hizo, lile lililolala majini, lilikuwa la bati jembamba la mchanganyiko wa aluminiamu, metali ambayo mafundi wetu huiapia kwamba chumvi huitafuna kama mchwa. Kutoka maji ya Winam hadi maji ya Mombasa ni saa chache tu angani, na bati lile lile liliyagusa yote mawili, safari baada ya safari. Hakuna aliyetamka kwamba ndege iliyoonja Kisumu isionje Mombasa, wala kwamba iliyoonja Mombasa imekwisha. Waliozitengeneza walijua zitakutana na maji ya aina zote mbili, wakaiandaa metali kwa hilo, na walioziendesha wakazikagua na kuzitunza kwa ratiba.

Najua jibu litakalokuja: zile zilikuwa na wahandisi na fedha za himaya. Basi tuache himaya, twende kwa mvuvi. Injini ya Yamaha Enduro inayosukuma mashua za sangara Mbita na Usenge ndiyo hiyo hiyo inayosukuma boti za Lamu na Kilifi. Aluminiamu ni ile ile, pampu ni ile ile, na zote hupozwa kwa maji yanayoibeba boti. Mvuvi wa Lamu hana mhandisi, na injini yake hushinda baharini karibu kila siku ya mwaka. Kama chumvi ingekuwa inaua kwa kuonjwa, pwani nzima ingekuwa inapiga makasia. Pwani haipigi makasia, na sababu ni kwamba watu wa kule wamelelewa na adui huyu. Wanajua kwamba injini ikitoka majini hupewa maji baridi. Wazee wao walikuwa na elimu hiyo hiyo kwa vyombo vya mbao: walivipandisha wakati wa maji kupwa, wakavipaka deheni chini ili minyoo ya baharini isiutoboe ubao, wakavipaka mafuta ya sifa juu, wakavitia kalafati upya. Bahari haikuwahi kumsamehe mtu wa pwani uvivu. Ziwa limetusamehe sisi, tukadhani msamaha huo ni sifa ya boti zetu.

Upo ubishi mmoja wenye uzito, na ninauheshimu. Fundi makini ataniambia kwamba boti ya kuvuta watelezaji si mashua yenye injini ya kuning'inia nyuma. Nyingi zina injini ya ndani, chuma cha kusubu, asili yake ya gari la Kimarekani lenye silinda 8, na maji ya nje hupita moja kwa moja ndani ya chuma hicho na ndani ya manifoldi za ekzosi. Waliozitengeneza walifikiria maziwa ya ndani ya Marekani. Hapo fundi anasema kweli, na sitamshauri mtu yeyote aifanye injini ya aina hiyo iishi baharini ilivyo. Chuma cha kusubu kinachopitiwa na chumvi mwezi baada ya mwezi kitaliwa hata ukikiosha kila jioni, na manifoldi ndizo zitakazotangulia, kwa sababu zinapata joto kali na maji kwa pamoja. Manifoldi ikitoboka upande wa ndani, maji hurudi kwenye silinda na injini yote inakufa kwa siku moja.

Lakini tazama jinsi ukweli huu mdogo ulivyonyooshwa mpaka ukawa uongo mkubwa. Kutoka "isiishi baharini" watu wamefika "isiguse bahari". Injini ile ile ikienda Kilifi kwa wiki moja na kuoshwa ipasavyo kila jioni, hailiwi kwa kiasi cha kuonekana. Na anayetaka kukaa miezi anayo njia inayojulikana: mfumo wa kupoza uliofungwa, ambamo injini huzungukwa na maji yake yenyewe yenye dawa, kama lori linavyopozwa kwa rejeta, na maji ya bahari huishia kwenye kipoza-joto kilichotengenezwa kuyahimili. Ni gharama, ndiyo. Manifoldi za ekzosi bado zitahitaji jicho. Hata hivyo ni kazi ya fundi na fedha, na kazi ya namna hiyo ina bei, ina mwanzo na ina mwisho. Hakuna laana ndani yake.

Na kuosha kwenyewe, wengi wanaosema "tuliosha na bado ikaoza" hawakuosha. Walinyunyizia maji nje, wakawasha injini dakika 2, wakazima. Injini ya boti ina themostati, na themostati ikiwa baridi huwa imefunga. Maji unayoyatia yanazunguka njia ya mkato na kutoka, huku chumvi iliyo ndani ya chuma haijaguswa. Lazima injini ingurume polepole, maji yakiwa yanaingia wakati wote, mpaka ipate joto la kufungua themostati, kisha uipe dakika nyingine kadhaa. Hesabu 10 hadi 15 kwa jumla. Maji yafunguliwe kabla ya injini kuwashwa, la sivyo mpira wa impela utaungua ukisaga mahali pakavu. Injini ya ndani ikishaoshwa, fungua vizibo vya chini uyatoe maji yote. Mtu aliyefanya hivi kila jioni na bado injini yake ikafa ndani ya wiki moja, alikuwa na tatizo alilotoka nalo Kisumu.

Ugumu wa kweli wa kazi hii uko mahali ambapo hakuna anayeutaja: maji yenyewe. Mtu wa Kisumu amezoea kwamba maji baridi yako pale alipo. Mombasa mjini mfereji hukauka siku nyingi, na kisima cha pwani mara nyingi kina chumvichumvi. Asiyejipanga atafika jioni na boti iliyojaa bahari na asiwe na cha kuioshea. Nunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, jaza pipa, weka tayari kabla hujashusha boti. Hata maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yana chumvi kidogo mno kuliko bahari, na kuyatumia ni bora kuliko kungoja kesho. Jambo dogo kama hili ndilo linaloamua kama boti itarudi nzima.

Kuna kosa lingine ambalo boti za ziwa huenda nalo baharini bila wenyewe kujua, na ninadhani ndilo lililozaa nusu ya hadithi za kutisha. Chini ya boti, karibu na rafadha, hufungwa kipande cha metali kiitwacho anodi. Kazi yake ni kuliwa ili vingine visiliwe: metali mbili tofauti zikiwa ndani ya maji yanayopitisha umeme, moja humlisha mwenziwe, na anodi hujitoa iliwe yenyewe. Maji ya ziwa letu yana madini machache na hupitisha umeme kidogo; maji ya bahari huupitisha mara mamia zaidi. Kwa hiyo boti ya maji baridi hufungwa anodi ya magnesiamu, metali yenye nguvu ya kufanya kazi hata katika maji mepesi. Ipeleke baharini nayo hivyo hivyo, na magnesiamu itayeyuka haraka mno, nyakati nyingine ikiinua rangi iliyo juu ya aluminiamu. Ikishakwisha, zamu ni ya rafadha na mguu wa injini. Mwenye boti anarudi, anaona mashimo, anasema chumvi. Kumbe angefungua bolti mbili na kuweka anodi ya zinki au ya aluminiamu. Akirudi ziwani abadilishe tena, kwa maana zinki katika maji baridi hufunikwa na ukoko na kuacha kufanya kazi, na boti hukaa bila ulinzi ilhali anodi inaonekana nzima.

Trela ndiyo inayoumia kuliko boti, na ndiyo isiyotajwa kabisa. Fikiria gari limetoka Kisumu, limepita Nairobi, limeteremka hadi Kilifi. Beringi za trela zimechemka. Dereva amechoka, watoto wanataka maji, anarudi kinyumenyume moja kwa moja hadi magurudumu yazame. Beringi yenye moto ikizama ghafla katika maji, hewa iliyo ndani hujikunja na kuvuta maji kupita kwenye sili. Sasa grisi ina chumvi, na hakuna anayeiona. Kilomita 800 za kurudi, gurudumu linashika moto au linachomoka, na bado hadithi inayofika Dunga ni kwamba bahari iliharibu boti. Acha trela ipoe saa nzima. Ioshe ikitoka, pamoja na springi, breki na waya za taa. Tia grisi mpya hadi ile ya zamani itoke. Mwenye uwezo anunue trela iliyopakwa zinki, maana ya rangi tupu huoza kutoka ndani ya bomba zake.

Wapo watakaonitajia MV Liemba ya Ziwa Tanganyika kama ushahidi wa utakatifu wa maji baridi. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, ikakaa chini ya maji kwa miaka, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ingekuwa baharini, wanasema, isingebaki kitu. Maji baridi yalisaidia, sikatai. Lakini waliosahaulika katika hadithi hii ni wale wahandisi wa Kijerumani waliozipaka injini grisi nene kabla ya kuizamisha, wakitumaini kuirudia. Mkono wa mtu ulitangulia maji.

Tena maji baridi yana uuaji wake, na hapa ndipo ninapowalaumu zaidi wanaoitukuza boti ya "ziwa tupu". Boti nyingi za zamani za kuvuta watelezaji zina faiba nje, lakini sakafu na mihimili ya ndani ni mbao zilizofunikwa. Kuvu wanaoozesha mbao hupenda maji baridi na huchukia chumvi. Kisumu ni mji wa radi za alasiri. Boti inayoachwa wazi, mfuniko wake umechanika, hukusanya mvua ndani ya ngama, maji yakapenya kwenye matundu ya skrubu na kuinywesha mihimili mwaka mzima. Nje inang'aa. Ndani imelainika kiasi kwamba bolti za injini zinazunguka bila kushika. Haijawahi kuona bahari hata siku moja, na imeoza. Ongeza nyuzi za gugu maji zinazoziba njia ya maji na kuchemsha injini, na mchanga wa ufukweni unaosaga impela. Mnunuzi anayelipa bei ya juu kwa sababu boti haijaguswa na chumvi mara nyingi analipia uozo huu.

Kama mtu anataka kuiogopa safari ya pwani, aogope vitu vinavyostahili. Boti hizi zina ubavu mfupi na tumbo bapa. Zimekusudiwa maji tulivu. Mahali pake ni ndani ya hori, Kilifi, Mtwapa au Tudor, asubuhi kabla upepo haujapanda, na kamwe si nje ya mwamba wakati wa kusi. Aogope kupwa na kujaa, kitu ambacho ziwa halina. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na aliyeshusha boti asubuhi penye maji tele anaweza kurudi adhuhuri akakuta matope na mawe. Aogope kuiacha boti ikielea usiku kwa usiku, kwa sababu tumbo lake halina rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, na hawachukui muda kujibandika. Boti ilale juu ya trela.

Vilabu vyetu na mafundi wa Kisumu wangeweza kulimaliza jambo hili kwa kazi ya msimu mmoja: pipa la kuoshea na vikombe vya kufunika njia ya maji, sanduku la anodi za aina mbili, na fundi mmoja wa Kilifi au Mtwapa aalikwe kuja kuonyesha anachokifanya kila jioni. Na tangazo la boti liache kujivunia ziwa. Lieleze manifoldi zilifunguliwa lini na zikakutwa vipi, impela ilibadilishwa lini, mihimili ilipogongwa kwa nyundo ilitoa sauti gani, anodi iliyofungwa chini ni ya metali ipi. Muuzaji anayeshindwa kujibu hayo na kubaki akirudia kwamba boti yake haijui chumvi, mnunuzi amwombe kifungulio, afungue kizibo cha chini cha injini mwenyewe, na atazame rangi ya maji yatakayotoka.